Fundi wa Majokofu Anajenga Ukurasa

Kompyuta niliipata Mtaa wa Aggrey, mkono wa tatu,
kitufe cha R kimeng'oka, imebaki chunusi ya mpira
ninayoibonyeza kwa ncha ya bisibisi.
Nikisahau, friji huwa fiji
na baridi huwa baidi.
Baidi, yaani mbali. Mara ya kwanza nilisahihisha.
Mara ya pili nikaliacha neno likae.

Mchana naziba mabomba ya gesi, Tandika, nyuma ya soko.
Usiku najenga ukurasa.
Si duka. Wateja wangu wanajua kupiga hodi.
Nataka tu pa kuweka maneno,
yale yanayonijia nikiwa kifudifudi sakafuni kwa watu
nasikiliza mota ikikohoa.

Nasra wa steshenari hunitoza buku kwa saa, maswali bure.
Akasema: kwanza lipia kikoa.
Nikamwambia, bibi yangu kule Kisiju alikula kikoa,
leo kwa mama Havijawa, kesho kwetu,
sufuria ikazunguka na hakuna aliyelipa.
Akacheka. "Hiki ni anwani, fundi. Kwa mwaka.
Usipolipa, jina anachukua mwingine."
Kama fremu ya duka, basi. Hilo nalielewa.

Kiolezo cha bure kilikuja na mlima wa theluji,
mbele yake kikombe cha kahawa na miwani ya mtu.
Theluji naijua mimi:
huota kwenye friza mpira wa mlango ukichoka.
Nikaufuta mlima. Miwani ikagoma kufutika siku mbili.

Kisha zile alama zenye ncha, moja ya kufungua, moja ya kufunga.
"Kila unachofungua, funga," Nasra akasema,
"la sivyo yote yaliyo chini yanaharibika."
Dada, nimewaambia hivyo Temeke nzima
miaka kumi na tisa.

Kuhusu herufi nilimuuliza Maro, mchora mabango wa Devis Kona.
Akaniambia acha nafasi, msomaji naye anapumua.
Maro huyuhuyu, aliyelibana neno NYAMA kwenye bucha ya Sudi
mpaka A ya mwisho ikapanda dirishani.
Nikaacha nafasi hata hivyo.

Rangi ndiyo ilitula wiki.
Nilitaka kijani cha friji la mama,
kile kijani kilichofifia, cha kanga iliyofuliwa mno.
Kwenye mashine, rangi ni tarakimu na herufi, sita,
na mama hakuacha tarakimu.
Nikaufungua mlango wa friji kwenye bawaba zake,
nikaupakia bodaboda, nikaushika mbele ya kioo cha Nasra.
Akaandika sita. Hapana, limekoza.
Sita nyingine. Limepauka.
Watu wa fotokopi wakasogea, kila mmoja na jicho lake.
Jioni, taa ya dukani ilipowashwa, rangi zote mbili zikabadilika,
tukaanza upya.

Friji lile halikugandisha kitu tangu nikiwa darasa la tano.
Mimi, fundi, sikuwahi kulitengeneza.
Kila nikija na gesi mama alisema, acha,
utanilowanishia vitu.
Ndani mlikuwa na hati ya kiwanja, doti saba za kanga,
barua za kaka kutoka Tunduru zimefungwa uzi,
na jino langu moja ndani ya kibiriti.

Luku iliisha ukurasa ukiwa nusu.
Nikamalizia kwa betri, kwa bando la usiku:
aya moja juu ya mpira wa mlango,
jinsi ya kuukanda kwa maji moto usikate,
na mistari minne juu ya kile kibiriti.

Asubuhi mashine ikasema wasomaji watatu.
Mmoja mimi. Mmoja Nasra, ananidai saa mbili.
Wa tatu simjui.
Aliingia saa nane usiku, akakaa dakika kumi na moja,
akatoka bila neno.
Nimeangalia tena alama zangu, moja moja.
Zote zimefungwa. Isipokuwa ile ya baidi,
nayo naitafuta bado.